Kutoka Merikani hadi Kitochi: Historia ya Mnunuzi wa Karagwe na Kyerwa

Vijana wetu wa vyuo wanaweza kukesha wakibishana kuhusu simu. Mwenye iPhone ya "macho matatu" humwona mwenye Tecno kama mtu aliyechelewa kufika mjini. Mwenye Tecno naye humwona mwenzake kama mtumwa wa jina, aliyetoa mshahara wa miezi kadhaa kwa ajili ya nembo ya tunda lililong'atwa. Pande zote mbili hukubaliana katika jambo moja tu: kwamba kuchagua kati ya mfumo wa Android na mfumo wa iPhone ni suala la mapenzi ya mtu binafsi.

Hilo wanalokubaliana ndilo ninalotaka kulihoji, na nitalihoji kwa historia ya wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, Karagwe na Kyerwa. Hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Mto Kagera unazitenga na Rwanda kwa upande wa magharibi, na Uganda iko kaskazini. Mtu anayeishi mahali kama hapo hachagui bidhaa kwa moyo peke yake. Huchagua kwa kupima njia, mpaka, bei, na nani atakayemhudumia kesho. Amekuwa akifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 150.

Tuanze na kitambaa. Katikati ya karne ya 19, njia ya misafara kutoka pwani ilipita Tabora, kisha tawi lake moja likaelekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. John Hanning Speke na James Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika, Bweranyange, mwezi Novemba 1861, walikuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kuwatangulia, wakiwa na kituo chao Kafuro, jirani na makao ya mfalme. Pembe za ndovu zilitoka. Nguo, shanga na nyaya za shaba ziliingia.

Wageni wa Kizungu waliopita njia hizo walishangazwa na jambo ambalo wafanyabiashara wa pwani walilijua siku nyingi: mnunuzi wa bara alikuwa mgumu. Richard Burton, aliyesafiri katika njia ya kati kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kwamba aina za shanga zilizojulikana sokoni zilifikia mamia, na kila eneo lilikuwa na rangi na ukubwa linaoupenda. Shanga iliyonunua chakula katika nchi moja ilikuwa mawe matupu katika nchi ya pili. Msafara uliokosea kuchagua ungeweza kulala njaa huku wapagazi wamebeba mizigo ya mali. Tunaposoma kwamba Afrika ilikuwa jaa la kutupia bidhaa za Ulaya, tukumbuke kwamba wapo waliofilisika kwa sababu Mwafrika alikataa kununua.

Nguo iliyotamalaki ni kile kitambaa kizito cha pamba, kisichotiwa rangi, kilicholetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts. Watu wakakiita merikani. Waingereza walijaribu kukiiga, lakini kwa muda mrefu wanunuzi waliona nakala zao hazidumu. Kisha vikaja Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, pamba ikaadimika, na meli za Salem zikapungua. Nafasi yao ikachukuliwa na viwanda vya Uingereza, na baadaye vya Bombay. Jina, hata hivyo, halikuondoka. Watu waliendelea kuita merikani kitambaa kilichofumwa India, ilimradi kina uzito uleule na kinastahimili kufuliwa. Hapa pana somo la kwanza: mnunuzi hakuwa mwaminifu kwa Marekani. Alikuwa mwaminifu kwa ubora aliouzoea, na jina lilikuwa alama ya ubora huo tu. Kampuni iliyodhani inapendwa yenyewe ilijidanganya.

Karne moja baadaye, watu walewale waliishi kipindi ambacho hakikuwa na uchaguzi wa kujivunia. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ilikuja miaka ya uhaba. Sabuni, nguo na betri za redio vilikuwa vya kutafutwa. Mwaka 1983 Serikali ilianzisha msako dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu wa mpakani aliyevuka kutafuta bidhaa upande wa pili aliweza kuitwa mlanguzi. Naitaja miaka hiyo kwa sababu moja: ndipo alama ya kiwanda na uaminifu kwa taifa vilipoanza kuchanganywa. Kununua kitu cha ng'ambo ya mto kulionekana kama kuisaliti nchi. Tutakutana tena na mkanganyiko huo.

Sasa tufike kwenye simu. Mobitel ilianza Dar es Salaam mwaka 1994. Vodacom ikafuata mwaka 2000, na Celtel mwaka 2001. Mawimbi yaliposogea hadi wilayani, chombo kilichoyapokea vijijini kilikuwa Nokia. Modeli ya 1100, iliyotoka mwaka 2003, iliuzwa duniani zaidi ya milioni 250. Ilistahimili vumbi, ilikaa na chaji siku kadhaa, na ilikuwa na tochi. Katika nyumba isiyo na umeme tochi ile haikuwa pambo. Hivi leo Mtanzania huita kila simu ndogo ya vitufe "kitochi," awe ameiunda Mfini au Mchina. Ni merikani nyingine: kitu kimebadilisha mtengenezaji, jina limebaki na kazi yake.

Mwaka 2007 Apple ilitoa iPhone, na mwaka uliofuata simu ya kwanza ya Android ikaingia sokoni. Tofauti ya mifumo hii miwili ni ya kiuchumi kabla ya kuwa ya kiufundi. Apple huunda chombo na mfumo wake, wala haumpi mwingine. Google iliuachia mfumo wa Android kwa kiwanda chochote kinachotaka kuutumia, nayo ikavuna faida kwenye matangazo na huduma zake. Nokia, iliyong'ang'ania Symbian kisha ikajifunga kwa Windows mwaka 2011, iliuza kitengo chake cha simu kwa Microsoft. Mauzo yalikamilika mwaka 2014. BlackBerry ilizima huduma za mfumo wake wa zamani tarehe 4 Januari 2022. Mamilioni waliozipenda chapa hizo hawakuweza kuziokoa.

Mlango ambao Google iliuacha wazi ndio uliopitwa na Transsion, kampuni ya China iliyoanzishwa mwaka 2006, yenye Tecno, itel na Infinix. Haikuanza kwa kushindana na Apple. Iliuliza mteja wa Afrika anahitaji nini. Jibu la kwanza lilikuwa laini mbili katika simu moja. Kwa mtu wa Dar es Salaam laini mbili ni njia ya kufuata bando la bei nafuu. Kwa mtu wa Murongo, upande wa Kyerwa, ambako Uganda iko ng'ambo ya mto, laini mbili ni nchi mbili: moja ya ndugu na ofisi za Tanzania, nyingine ya mteja na ndugu wa upande wa pili. iPhone ya kwanza iliyoweza kubeba laini mbili ilitoka mwaka 2018. Kwa muongo mzima, mfanyabiashara wa mpakani aliyesema "naipenda Tecno" alikuwa anaeleza jiografia yake.

Yapo mengine ya namna hiyo. Simu nyingi za bei nafuu zina redio ya FM, na waya wa spika za masikioni ndio antena yake, iPhone haina. Kwa mkulima wa Karagwe anayesikiliza Radio Fadeco, redio ya jamii inayozungumzia migomba na kahawa yake, tofauti hiyo si ndogo. Kuna fundi wa Kayanga au Omurushaka, mwenye vioo na betri za itel mezani. Kuna bei. Na kuna ukweli kwamba kile kinachowafunga vijana wa Marekani kwenye iPhone, yaani ujumbe wa Apple usiotembea sawasawa na simu nyingine, hapa hakina nguvu. Sisi tunaandikiana kwa WhatsApp, nayo haibagui.

Kwa hiyo, kama mapenzi si kwa chombo, mtu wa Kyerwa amefungwa na nini? Amefungwa na namba yake. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, namba ya simu imekuwa pochi, daftari la madeni na anwani ya ukoo. Mnunuzi wa kahawa anaijua. Mtoto aliyeko Mwanza hutuma fedha humo. Huduma hiyo haikujengwa juu ya Android wala iPhone. Mtu hubonyeza nyota, 150, nyota tena, tarakimu za mtandao wake na alama ya reli, na menyu hujitokeza kwenye kitochi kama inavyojitokeza kwenye simu ya mamilioni. Huo ndio mfumo unaowahudumia walio wengi, na hauna nembo. Tangu Machi 2017 mtu anaweza hata kuhama mtandao akabaki na namba ileile. Ni haki kubwa isiyozungumzwa vya kutosha.

Hapa ndipo Serikali inapoingia, na ndipo suala linapokuwa zito. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia. Lengo lilieleweka, lakini hasara ilimwangukia aliyenunua bila kujua. Mnunuzi wa merikani aliweza kupima kitambaa kwa vidole. Mnunuzi wa simu alitakiwa kujua kwamba kuna tarakimu 15 za kutuma kwenda 15090. Kisha, kuanzia Mei 2019, laini zikasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na mwisho ukawa tarehe 20 Januari 2020. Asiyekuwa na namba ya NIDA hakuwa na laini.

Kwa wilaya nyingi hilo lilikuwa tatizo la foleni. Kwa Karagwe na Kyerwa lilikuwa pia tatizo la historia. Wakimbizi wa Rwanda walifika huko tangu 1959, na wengine wengi mwaka 1994. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwasaka wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Katika mazingira hayo, mwombaji wa kitambulisho anayezungumza Kinyambo, mwenye shangazi ng'ambo ya mto, huulizwa maswali ambayo mwenzake wa Morogoro haulizwi. Ule mkanganyiko wa miaka ya uhaba umerudi: uaminifu wa mtu kwa taifa unapimwa mlangoni pa duka la simu. Na akikosa laini hakosi mazungumzo tu, anakosa pochi.

Watumishi wa umma watafakari hili wanapohamishia huduma kwenye simu. Ruzuku ya mbolea ya mwaka 2022 ilikwenda kwa wakulima waliosajiliwa kidijitali. Mwelekeo huo hautarudi nyuma, wala haupaswi kurudi. Lakini kila huduma inayowekwa kwenye programu ya simujanja pekee, bila njia ya nyota na reli, inamfungia nje mwenye kitochi. Kila huduma inayodai namba ya NIDA bila utaratibu wa haraka na wa haki wa kusikiliza rufaa za watu wa mpakani inaligeuza shaka la ofisa kuwa adhabu. Wanaharakati wa haki za kidijitali nao wasiishie kupigania bei ya bando mijini.

Nanyi wanafunzi, endeleeni kubishana kuhusu simu zenu. Ubishi huo hauna dhara. Ila mkienda Nkwenda, Nyaishozi au Murongo kufanya utafiti, msimuulize mtu anapenda chapa gani. Muulizeni alisajili laini yake lini, kwa kitambulisho cha nani, na ilimchukua safari ngapi.