"Ndiyo Mzee" na swali la ujumbe chanya

Kila ukizuka mjadala wa hip hop ya Bongo, hakosi mtu wa kusema: "Zamani walikuwa wanaelimisha." Sawa, ila kuelimisha ndiyo nini? Chukua "Ndiyo Mzee" ya Professor Jay, ya 2001. Humo hamna nasaha hata moja: mgombea anamwaga ahadi za uongo, umati unaitikia tu. Ukisaka ujumbe chanya mstari kwa mstari, utaambulia patupu. Mimi niliucheka miaka kadhaa kabla sijashtuka: anayechekwa si mgombea peke yake, tumo na sisi tunaoitikia. Mwaka 2015 Jay mwenyewe akaomba kura, akawa mbunge wa Mikumi. Kwangu, wimbo chanya ni ule unaokuachia swali, hata likija kumrudia aliyeuimba.