Njaa ya Kuku na Njaa ya Mdiria: Maarifa ya Neva na Ulaji wa Ndege, 1824–2001

Katika nyua za Nyakato, mashariki mwa jiji la Mwanza, kuku hulishwa pumba iliyochanganywa na dagaa waliosagwa. Juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza, mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe huwinda dagaa haohao wangali hai. Sayansi ya ulaji wa ndege imejengwa zaidi juu ya yule wa kwanza, aliyewekewa chakula mbele yake, na chaguo hilo limeacha pengo.

Mwaka 1824 Mfaransa Flourens alichapisha majaribio yake juu ya njiwa walioondolewa sehemu kubwa ya mbele ya ubongo. Njiwa hao walimeza punje zilizotiwa kinywani, lakini hawakuzitafuta wenyewe. Kumeza na kutafuta, basi, ni kazi mbili tofauti. Wazo hilo halikufuatiliwa ipasavyo. Karne ya 20 iligeukia haipothalamasi: mwaka 1966 Lepkovsky na Yasuda walionesha kwamba kuku waliojeruhiwa sehemu hiyo ya ubongo walikula kupita kiasi na kunenepa, kama panya wa Hetherington na Ranson wa mwaka 1940. Ulinganifu huo ulivutia kuliko ulivyostahili. Ghrelini, homoni inayomchochea panya kula, ilibainika mwaka 2001 kuwa huzuia ulaji wa vifaranga. Zeigler naye, katika miaka ya 1970, alikuwa amekwisha kuonesha kwamba njiwa waliokatwa neva za hisia za mdomo walipunguza kula. Njaa haikukaa ndani ya ubongo peke yake.

Mwanza ilileta ushahidi wa namna nyingine bila kukusudia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, walioanza kuchunguza furu wa ghuba hiyo mwaka 1977, walishuhudia sangara wakiongezeka katika miaka ya 1980 na furu wakitoweka. Mwaka 1994 Wanink na Goudswaard, kwa kuchambua mifupa ya samaki iliyotapikwa na mdiria, walieleza jinsi ndege huyo alivyohama kutoka furu hadi dagaa. Dagaa wenyewe walikuwa wamepungua ukubwa, hivyo alilazimika kukamata wengi zaidi kila siku.

Wawili hao walihesabu samaki, ubongo hawakuugusa. Hata hivyo matokeo yao yanarejesha swali la Flourens. Mahitaji ya mwili wa mdiria yalibaki yaleyale. Iliyobadilika ni kazi ya kutafuta: kuelea hewani kichwa kikiwa kimetulia, kukadiria mahali alipo samaki huku maji yakipinda mwanga, kuamua kama windo dogo linafaa kupigiwa mbizi. Mwaka 1987, nyuropeptidi Y ilipoonekana kuchochea ulaji wa vifaranga, kipimo kilikuwa chakula kilicholiwa. Mbizi iliyokosa samaki haina safu yake katika jedwali la namna hiyo.