Mbu Aliyepigiwa Hesabu

Agosti 20, 1897, huko Secunderabad, India, daktari wa jeshi aitwaye Ronald Ross alipasua tumbo la mbu, akaliweka chini ya hadubini na kuona vimelea vya malaria. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1902, na wengi humwacha hapo. Wanamwacha mapema mno, maana Ross alikuwa pia mpenzi wa hisabati.

Alipohimiza madimbwi wanamozaliana mbu yafukiwe, wapinzani walimkejeli: nani atawamaliza mbu wote? Ross alijibu kwa hesabu, katika ripoti yake ya Mauritius ya 1908 na kitabuni mwake miaka michache baadaye. Si lazima waishe wote. Kati ya mbu wanaomuuma mgonjwa, wachache tu huishi hadi vimelea vikomae, na wachache zaidi humuuma mtu mwingine. Mbu wakipungua chini ya kiwango fulani, kila mgonjwa huambukiza chini ya mtu mmoja, na malaria hufifia ingawa mbu bado wanalia masikioni.

Miaka ya 1950, George Macdonald wa London aliiendeleza hesabu hiyo. Kimelea huhitaji siku 10 hivi ndani ya mbu, kwa hiyo wa kuogopwa ni mbu mzee. Ikiwa mbu 90 kati ya 100 huiona kesho yao kila siku, 35 watafika siku ya kumi. Wakiwa 80, watafika 11 tu. Ndiyo maana dawa ya ukoko ukutani, inayomuua mbu akipumzika baada ya kunyonya damu, inaweza kuzidi kazi ya kufukia madimbwi. Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni ya kutokomeza malaria mwaka 1955 likitegemea DDT ya kupulizia ukutani, lakini sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, yenye mzigo mkubwa kuliko wote, iliachwa kando. Mbu wakawa sugu, na mwaka 1969 lengo hilo likawekwa pembeni.

Wanakemia nao walikuwa na mbio zao. Pelletier na Caventou walitenga kwinini kutoka magome ya mkwinini mjini Paris mwaka 1820. Klorokwini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934; waliokua wakiinywa hawajasahau ule muwasho wa mwili mzima. Vimelea viliizoea, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha.

Nchini China, Tu Youyou alikuwa amesoma katika kitabu cha tiba cha karne ya 4 kwamba mmea wa artemisia ulowekwe na kukamuliwa. Akashuku kwamba kuchemsha kunaua dawa, akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu. Mwaka 1971 dawa ikafanya kazi kwa wanyama; yeye mwenyewe akainywa kwanza kabla ya wagonjwa. Nobel ilimfikia mwaka 2015.

Tanzania ilianza kutumia dawa mseto mwaka 2006, na hapo hesabu ikarudi. Kimelea kinachohimili dawa moja ni nadra. Cha kuhimili mbili kwa pamoja ni nadra mara nadra. Artemisinini, ile dawa ya Tu, huangusha vimelea kwa saa chache; dawa mwenzake hubaki mwilini siku kadhaa kusaka vilivyosalia. Hesabu hiyo inamhitaji mgonjwa amalize dozi zote 6 za siku 3, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza.