Kisiwa cha Kupumzikia

Mwaka 2023 wanangu walinikabidhi kazi ambayo sikuwahi kudhani ningeifanya uzeeni: kuchagua kisiwa. Tunaishi Toronto, na majira ya baridi ya huko humfanya hata mtu asiyependa bahari aikumbuke. Watoto wa shule walikuwa na likizo fupi mwezi wa Machi, na familia nzima, watu tisa kwa jumla, iliazimia kwenda kuota jua. "Baba, wewe ndiye uliyesomesha historia," binti yangu akaniambia. "Tutafutie kisiwa kimoja cha Karibi chenye maji matulivu kwa watoto na bei isiyotuua. Lakini tafadhali, usitupeleke darasani."

Nilicheka, nikakubali. Sikujua kwamba kazi hiyo ingeniweka macho usiku kadhaa.

Picha za matangazo hazinisaidia. Visiwa vyote vilifanana: mchanga mweupe, maji ya kijani, na mnazi mmoja ulioinamia bahari. Ule mnazi ndio ulionichokoza kwanza. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia chini ya minazi, na niliposoma nikagundua kwamba mnazi si mwenyeji wa Karibi hata kidogo. Wareno, baada ya Vasco da Gama kupita pwani yetu mwaka 1498, walichukua nazi za Bahari ya Hindi wakazipanda visiwa vya Cape Verde, na kutoka huko katika karne ya 16 zikavuka Atlantiki. Kwa hiyo mti unaowaambia watalii kwamba wamefika Karibi ni mhamiaji kama mimi.

Nilikuwa nimeijua Karibi zamani, lakini si kwa pwani zake. Nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, Walter Rodney wa Guyana alikuwa akifundisha pale, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972. Kwetu sisi vijana wa wakati ule, Karibi ilikuwa miwa, mijeledi na maasi. Wazo la mtu kwenda huko kulala juu ya taulo halikutupitia akilini.

Na kusema kweli, halikuwapitia hata mabwana wenye mashamba. Katika zama za sukari mchanga haukuwa na faida, kwa kuwa muwa hauoti mchangani. Mwenye shamba aliihitaji pwani kwa bandari ya kushushia watumwa na kupakilia mapipa ya sukari, basi. Tena kwa Mzungu visiwa hivyo vilikuwa makaburi, kwa sababu ya malaria na homa ya manjano. Mwaka 1751 kijana George Washington alifuatana na kaka yake Lawrence kwenda Barbados, wakitafuta hewa njema ya kutibu kifua kikuu. Kaka hakupona, na George mwenyewe akapata ndui huko huko. Pengine hao ndio miongoni mwa watalii wa kwanza.

Mambo yaligeuka taratibu. Mwaka 1881 daktari wa Kuba, Carlos Finlay, alieleza kwamba homa ya manjano inaenezwa na mbu, na mwaka 1900 jambo hilo likathibitishwa. Wakati huo huo meli zilizobeba ndizi kutoka Jamaika kwenda Boston zilianza kubeba abiria zikirudi, na hoteli zikajengwa Port Antonio. Kisha, baada ya Vita Vikuu vya Pili, zikaja ndege. Bei ya sukari ilipokuwa ikiyumba, ule mchanga uliodharauliwa ukawa ndio dhahabu. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo zamani hapakuwa na haja ya kuliuliza: pwani ni ya nani?

Swali hilo lina kisa chake kwangu. Mwaka 1974 marehemu baba yangu, aliyekuwa mvuvi, alikuja Dar es Salaam kunitazama. Siku moja tulitembea ufukoni, kaskazini ya mji, yeye akinionyesha aina za nyavu zilizoanikwa. Tulipofika mbele ya hoteli moja, mlinzi alitusimamisha, akatwambia tuzunguke kwa barabara kwa kuwa pale ni mahali pa wageni. Baba akamuuliza kwa upole, "Na maji yakipwa, mwanangu, yale nayo ni ya wageni?" Kijana yule, ambaye kwa lafudhi yake alikuwa wa pwani kama sisi, akainamisha uso. Tukazunguka. Baba hakulitaja tena jambo lile mpaka alipofariki, lakini mimi sikulisahau. Basi nilipopewa kazi ya kuchagua kisiwa, nilijiwekea sharti moja kimoyomoyo: tusiende kuoga mahali ambapo mtoto wa kisiwa hicho anafukuzwa.

Nilianza na Jamaika, ambako mkwe wangu alikuwa na hamu ya kwenda kwa ajili ya muziki. Pwani ya Montego Bay ni nzuri ajabu, na ni mji wa heshima. Humo ndimo Samuel Sharpe, mtumwa na mhubiri, aliponyongwa mwezi wa Mei 1832 kwa kuongoza maasi makubwa ya Krismasi, maasi yaliyosaidia kulisukuma Bunge la Uingereza kupitisha mwaka uliofuata sheria ya kukomesha utumwa. Lakini sheria ya pwani ya Jamaika ni ya mwaka 1956, ya enzi za mkoloni. Iliweka haki zote za ufuko mikononi mwa dola, ikawaachia wavuvi waliouzoea haki yao, na haikumpa mwananchi wa kawaida haki ya jumla ya kuoga. Uhuru ulikuja mwaka 1962, sheria ikabaki. Katika miaka ya karibuni wananchi wamekwenda mahakamani kudai njia walizopita babu zao kwenda baharini. Nikaiweka Jamaika pembeni, kwa masikitiko.

Nikaitazama Antigua na ndugu yake mdogo, Barbuda. Antigua ina pwani nyingi, na kwa sheria zote ni za umma. Utumwa ulipokoma tarehe 1 Agosti 1834, Antigua haikupitia ule "uanagenzi" ambao kwingineko uliwafunga watu kwa mabwana zao hadi 1838. Barbuda nayo ilikuwa na jambo la ajabu: wananchi wake, wazao wa watumwa, waliendelea kuishika ardhi kwa pamoja, na mwaka 2007 desturi hiyo ikaandikwa katika sheria. Kisha Septemba 2017 kimbunga Irma kikakiharibu kisiwa hata watu wote wakahamishiwa Antigua. Kabla mwaka haujaisha, wengi wakiwa bado hawajarudi makwao, sheria ile ikaanza kubadilishwa, na mahoteli ya matajiri yakafuata. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka baba yangu tena.

Mwisho tukaenda Barbados. Hapo hakuna pwani ya mtu binafsi. Kila mtu ana haki ya kukanyaga mchanga. Zilikuwako na sababu ambazo wanangu walizipenda zaidi. Upande wa magharibi bahari ni tulivu, na watoto huoga bila hofu, lakini upande wa mashariki, huko Bathsheba, Atlantiki hupiga miamba kwa hasira na mtu hutazama tu. Ule mwani wa kahawia ambao tangu mwaka 2011 umekuwa ukizisumbua pwani za Karibi, nao hufika zaidi upande huo wa Atlantiki. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba, sisi tulikwenda Machi.

Asubuhi ya kwanza niliamka alfajiri nikashuka peke yangu hadi ghuba ya Carlisle, mjini Bridgetown. Niliwakuta wazee wa pale, wanaume kwa wanawake, wamesimama majini hadi kifuani, wakizungumza mambo ya kanisa na ya kriketi. Huo ndio mwogo wao wa kila siku. Wanasema bahari inatibu viungo. Kila aliyenipita alinisalimu. Mzee mmoja aliponiuliza nimetoka wapi nikamjibu Tanzania, akanisogelea, akasema, "Basi ingia, maji haya ni yako pia." Nikaingia. Ghuba ile ndiyo iliyopokea majahazi ya watumwa kwa karne moja na zaidi. Nilisimama humo na wajukuu wa wale waliobaki hai, tukizungumzia maumivu ya magoti.

Sitaki msomaji adhani nilipata pepo. Siku ya tatu, upande wa magharibi, tulitembea mwendo mrefu kando ya kuta tukitafuta kichochoro cha kuingilia baharini. Sheria inasema mchanga ni wa wote, lakini haimbomolei mtu ukuta wake. Mjukuu wangu wa miaka tisa, akiwa amechoka, akauliza kama bahari imefungwa leo. Sikuwa na jibu la haraka.

Siku moja kabla ya kuondoka niliivunja ahadi yangu, nikawapeleka darasani. Si mbali na pwani ya kusini kuna kiwanja cha majani kando ya mashamba, mahali paitwapo Newton. Wachunguzi waliochimba hapo miaka ya 1970 walikadiria kwamba wamezikwa watumwa wapatao 570. Hakuna jiwe lenye jina. Mmoja wao, mzee, alikutwa na mkufu shingoni wa shanga, meno ya mbwa na kauri. Niliwaeleza wajukuu zangu kwamba kauri zilizotumika kama fedha Afrika Magharibi zilitoka Bahari ya Hindi. Mjukuu yule akatazama upande wa pwani, akauliza, "Babu, hawa walikuwa wanaruhusiwa kuogelea?" Binti yangu, aliyekuwa amesimama nyuma, akamshika mkono. Hakunilaumu kwa somo lile.

Mwaka uliofuata, Julai 2024, kimbunga Beryl kilipita kusini ya Barbados na kuvunja mashua nyingi za wavuvi. Binti yangu ndiye aliyenipigia simu kunipa habari hiyo, kwa sauti ya mtu anayezungumzia majirani.

Anayetaka kuchagua kisiwa cha Karibi na aulize habari za mawimbi, za mwani, za mwezi wa kusafiri na za bei, kwani hayo ni ya lazima kwa mwenye watoto. Ila aongeze swali moja: alfajiri, kabla wageni hawajaamka, nani anaoga pale? Kama jibu ni wenyeji, na aende, awasalimie, aingie majini. Mimi nilipoingia nilitamani baba yangu angekuwako.