Baada ya Kupewa Ini la Mwingine

Tarehe 1 Machi 1963, huko Denver, Marekani, Dk. Thomas Starzl alijaribu kumpandikiza binadamu ini. Mgonjwa, mtoto mdogo, alifia mezani. Mwaka 1967 ndipo Starzl alipompandikiza mtoto mwingine akaishi zaidi ya mwaka mmoja. Mikono ilikwisha kujifunza kushona. Kilichowashinda madaktari ni siku zilizofuata. Mwili ulilitambua ini lile kuwa geni, ukalipiga vita.

Dawa ya kuutuliza mwili ilitoka mahali pasipotarajiwa: ukungu uliopatikana katika udongo wa Norway. Iliitwa siklosporini. Roy Calne wa Cambridge alianza kuwapa wagonjwa wa figo mwaka 1978, na Marekani ikairuhusu mwaka 1983.

Lakini dawa za aina hii humezwa kila siku, kwa saa zile zile, miaka nenda rudi. Siklosporini ikizidi huumiza figo; ikipungua, ini hushambuliwa. Ndiyo maana damu ya kupima kiwango chake hutolewa kabla ya kumeza dozi ya asubuhi. Hata balungi, tunda tu, huipandisha mwilini. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha mno; na mwenye kinga iliyopunguzwa ndiye hasa kifua kikuu humwandama. Mganga asiyeambiwa habari za ini anaweza kuponya kifua, ini likapotea.

Hapa nchini, Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Kwa ini, njia inayojulikana na wengi ni ya India. Mgonjwa hurudi, na hapo nadhani ndipo tunapojidanganya. Tunampigia vigelegele kama aliyepona malaria. Ukoo wa Rungwe au Kilolo umeuza ng'ombe, umechanga nauli na gharama za upasuaji. Dawa za mwezi wa saba hakuna aliyeziuliza. Naye akijiona mzima huruka kidonge, tena ini halilalamiki mapema. Msimu wa ulanzi ukifika, jamaa humsogezea kikombe, eti kidogo tu!

Ile karatasi ya hospitali aliyorudi nayo isikae sandukuni. Aende nayo Hospitali ya Rufaa Mbeya, au ya Mkoa wa Iringa, hata kama kinachomsumbua ni kikohozi.