Ciao: neno lililoacha utumwa

Hapa Kakuma, ukimaliza kunywa kahawa kwa Waethiopia watakuaga: "Chao!" Waeritrea vilevile, na Wasomali wengi. Sisi tuliotoka Kongo tumelidaka tukidhani ni la lugha zao. Hapana, ndugu zangu. Ni Kiitaliano, huandikwa ciao, na limetembea kuliko sisi.

Lilizaliwa Venezia, mji wa wafanyabiashara ambao zamani waliuza hata watu. Wengi wa waliouzwa walikuwa Waslavi wa ng'ambo ya bahari ya Adriatiki, na jina la kabila lao likawa ndilo neno la "mtumwa": sclavus kwa Kilatini, s-ciavo kwa Kivenezia. Baadaye watu wa mji wakasalimiana "s-ciavo vostro", yaani "mimi mtumwa wako". Ilikuwa adabu tu. Midomo ikalifupisha, likabaki ciao.

Leo Mwitaliano akikutana na rafiki, ciao, wakiachana, ciao. Kwenye simu hulirudia mara tatu ndipo akate. Jambo likimshinda husema "e ciao", basi tena. Lakini mzee asiyemjua au karani wa ofisi hamwambii ciao: huyo ni buongiorno, na kuagana ni arrivederci.

Lilifikaje huku? Italia ilitangaza koloni la Eritrea mwaka 1890, ikatawala na kusini mwa Somalia, kisha mwaka 1936 ikaikalia Ethiopia. Mwaka 1941 Waingereza na wapiganaji wa Ethiopia wakaifukuza. Bwana akaenda, salamu ikabaki.

Sasa linganisheni na shikamoo. Wengi hueleza kuwa maana yake ni "nashika miguu yako". Mdogo husema shikamoo, mkubwa hujibu marahaba, hawabadilishani. Ciao hujibiwa ciao. Naona hapo ndipo utumwa ulipotokea mlango wa nyuma: wawili wakiambiana "mimi mtumwa wako", bwana ni nani? Hakuna.

Ndiyo maana nawaandikia na ninyi wafanyakazi wa mashirika. Mama akikuita "bosi" pale kwenye foleni, nawe ukamwita kwa namba ya kadi, hiyo bado ni s-ciavo. Na sisi tuache hilo la "bosi". Mwambie jina lako, muulize lake, muitane hivyo. Chakula kinaweza kupungua mwezi huu, lakini salamu irudi kwa kipimo kilekile ilichotoka nacho.