Wanawake wa Burundi katika Mazungumzo ya Arusha

Mazungumzo ya amani ya Burundi yalifunguliwa Arusha mwezi Juni 1998, msuluhishi akiwa Mwalimu Julius Nyerere. Vita vilikuwa vimewaka tangu Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa na wanajeshi, na mamia ya maelfu ya Warundi walikuwa wamekimbilia Tanzania, wengi wao katika kambi za Kigoma. Wajumbe walioketi mezani walikuwa karibu wote wanaume.

Hali hiyo ilikuwa na mizizi mirefu. Kwa mila, migogoro ya vijijini nchini Burundi iliamuliwa na bashingantahe, watu waliotawazwa kwa busara na uadilifu wao, na mwanamke alishiriki heshima hiyo akiwa mke wa mwamuzi. Hata hivyo nchi hiyohiyo ilikuwa imempata waziri mkuu mwanamke, Sylvie Kinigi, mwaka 1993. Madai kwamba hapakuwa na wanawake wenye uwezo wa kujadili mambo ya dola hayakuwa na msingi.

Vyama vya wanawake, Wahutu na Watutsi pamoja, vilikuwa vimeungana tangu 1994 katika shirikisho la CAFOB. Wawakilishi wao walipofika Arusha kuomba nafasi, vyama vya siasa viliwakatalia. Hoja ilikuwa kwamba wao si chama wala hawana jeshi, kwa hiyo hawahusiki na ugomvi. Hoja hiyo haikustahili hata kusikilizwa: wajane, waliobakwa na waliolea yatima ndani ya mahema ya wakimbizi walihusika kuliko wengi waliokuwa ukumbini. Wanawake hao hawakurudi nyuma. Waliwabana wajumbe kwenye korido, wakapeleka kilio chao kwa viongozi wa nchi jirani, na hatimaye wachache wao wakakubaliwa kuwa watazamaji. Mtazamaji husikia, lakini hana kura.

Nyerere alifariki Oktoba 1999, na Nelson Mandela akashika kazi yake. Mwezi Julai 2000 ulifanyika Arusha mkutano wa wanawake wa pande zote, ulioandaliwa na UNIFEM, mfuko wa wanawake wa Umoja wa Mataifa, pamoja na Taasisi ya Mwalimu Nyerere. Kila upande kati ya 19 zilizokuwa katika mazungumzo ulituma wanawake wawili. Waliotoka katika vyama vilivyokuwa havisalimiani walikaa pamoja siku nne, wakaandika hati moja ya mapendekezo, ambayo ilifikishwa kwa Mandela. Walitaka ubakaji vitani uadhibiwe, wasichana wapate elimu sawa na wavulana, wanawake wawe na haki ya kumiliki na kurithi ardhi, na wapewe asilimia 30 ya nafasi za maamuzi serikalini, bungeni na mahakamani.

Makubaliano ya Arusha yalitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Mengi ya mapendekezo hayo yaliingia humo, na wanawake wanaoongoza kaya wakatajwa miongoni mwa wakimbizi wanaostahili uangalizi maalumu wanaporejea. Asilimia 30 ilikataliwa. Miezi miwili baadaye, tarehe 31 Oktoba, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, likiongozwa na Namibia mwezi huo, lilipitisha Azimio namba 1325. Hilo lilikuwa azimio la kwanza la Baraza kuzitaka nchi ziwashirikishe wanawake katika kuzuia vita, kusuluhisha na kujenga amani.

Dai lililokataliwa Arusha lilirudi kwa njia nyingine. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni Februari 2005 iliweka angalau asilimia 30 ya wanawake katika serikali na Bunge, na uchaguzi wa mwaka huo uliwaingiza bungeni kwa idadi ambayo Burundi haikuwahi kuiona.

Ardhi ndiyo iliyobaki nyuma, nayo ndiyo iliyomgusa mwanamke wa kijijini kuliko viti vya Bujumbura. Burundi ni nchi ndogo yenye watu wengi, na karibu kila familia huishi kwa kulima. Mjane aliyerejea kutoka kambini aliweza kukuta shamba mikononi mwa shemeji zake, na binti hakuhesabiwa miongoni mwa warithi wa baba. Rasimu za sheria ya urithi ziliandikwa na kujadiliwa zaidi ya mara moja, lakini hazikupitishwa, na urithi wa ardhi umeendelea kufuata mila.